Mota ya Upande wa Pili wa Ukuta

Baba mkwe wangu nilimjua kwa sauti tu, na mashine yake vilevile. Niliolewa Iyunga miaka ya sabini, nikitokea Iringa, na katika ukoo ule wa Kinyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Humwangalii, husemi naye, hupiti alipo. Ukisikia kikohozi chake unapinda njia. Sisi Wahehe tuna heshima zetu, lakini hii ilinitoa jasho. Siku za mwanzo nilikimbilia hata kwenye migomba nikatoka na siafu mapajani, na mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini.

Mzee alikuwa amestaafu ukarani, na starehe yake ilikuwa mbao, kama wengine walivyo na bao au pombe. Alijiundia mashine ya kukereza miguu ya viti na vitanda, mti unazunguka huku yeye anauchonga. Fremu ilikuwa vyuma vya kitanda kibovu, ikafungwa puli mbili na mkanda, na mota ilitoka Rujewa, kwenye mashine ya mpunga, ambako ilikuwa ikizungusha feni ya kupepeta pumba. Banda lake lilipakana na jiko letu, ukuta mmoja wa matofali ya udongo. Mimi nikisonga ugali, yeye anaranda.

Wifi yangu, binti yake wa mwisho, alikuwa anaolewa Iringa. Mzee akatamka mbele ya ukoo kwamba atampeleka na kitanda cha mninga, miguu yake imekerezwa kwa mkono wake na mashine yake. Ametamka, watu wamepiga makofi. Kisha mota ikagoma. Kila alipowasha ilinguruma "mmmm" kama ng'ombe anayeumwa tumbo, na puli haikusogea. Baba mdogo wa mume wangu akaanza kuiita mashine ya kunung'unika. Akasema harusi ni wiki ijayo, kitanda kinunuliwe dukani, na hilo chuma lirudi Rujewa. Nilimsikia mzee akifunga mlango wa banda mchana kweupe. Mtu mwenye maneno mengi akijifungia hivyo unaumia, hata kama hujawahi kumwona.

Mimi nililelewa katika karakana. Baba yangu, mtu wa Kilolo, alikuwa akisuka upya waya za mota zilizoungua, Iringa mjini, na nilizijua sauti za mota kabla sijajua kusoma. Ile "mmmm" niliifahamu. Mume wangu alikuwa kazini mbali, wa kunisemea hayupo. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, naweza kuiponya hiyo mota. Ila uwe mdomo wangu."

"Mwe!" akasema. "Wewe na mimi tutagombanishwa na chuma?" Lakini alikuwa anafunga kanga tayari.

Tukaanza. Mimi jikoni, sikio ukutani. Yeye anaenda bandani na kurudi. Nikasema, mwambie atoe mkanda, awashe, halafu aisukume puli kwa kijiti. Nikasikia inanguruma, kisha ikashika, ikazunguka vizuri kabisa! Basi waya zake kuu hazikuungua. Iliyokosekana ni nguvu ya kuanzia. Nikasema azime. Ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama kimya. Hapo ndipo nilipopata jibu, maana mota ya namna ile ikikaribia kusimama lazima ilie "ta!" ndani. Ni swichi ndogo inayorudi mahali pake ili mota iweze kuanza tena. Hii haikulia. Kuna kitu kimeizuia.

"Mama, mwambie afungue kifuniko cha nyuma. Ndani kutakuwa kuchafu sana. Atoe uchafu wote, asugue vile vyuma viwili vya swichi kwa msasa, afunge."

Akaenda. Nikasikia bisibisi, nikasikia kifuniko. Akarudi. "Tayari."

Mzee akawasha. "Mmmm."

Tulirudia. Fungua, funga, washa. "Mmmm." Siku ya pili nayo ikawa hivyohivyo. Baba mdogo akasikika uani akiuliza gari la kwenda Rujewa. Nilikasirika, na mimi nikikasirika navunja vitu, nilivunja mwiko wa ugali. Nilijiona mjinga aliyejitia fundi ugenini. Mwishoni nikamgeukia mama mkwe, "Mama, hizo takataka alizotoa zilijaa nini? Kopo? Kiganja?"

Akaangalia moto.

"Mama?"

"Mwanangu," akasema polepole, "mke wa mtoto hawezi kumwambia mkwewe kitu chake kichafu. Nilimwambia afungue aangalie, afunge. Amekuwa anaangaliaga tu."

Mzee wa watu alikuwa akifungua mota, anaitazama kwa adabu, anaifunga! Nilitaka kulia nikajikuta nacheka, na yeye akacheka, tukashikana mabega kama walevi. Mficha uchi hazai, nilijisemea, lakini hilo nalo lisingefaa kupelekwa bandani. Nikafikiri. Kisha nikasema, "Basi mwambie hivi: mkwe wako anasema watu wa Rujewa wamekuuzia mota na pumba zao humohumo ndani. Uwatolee uchafu wao."

Uso wake ukang'aa. "Hilo linasemeka!" Akaondoka karibu anakimbia.

Nikamsikia mzee akifoka, "Watu wa Rujewa hawa!" Bisibisi ikalia kwa hasira. Akapuliza, akagonga, akasugua, huku akiwatukana watu wasio na kosa lolote. Pumba zilipukutika chini mpaka nikazisikia. Kisha nikasikia kifuniko kikifungwa.

Akawasha. Mota ikaondoka yenyewe, bila kijiti, ikaimba. Alipoizima, ikapunguza, ikapunguza, na ndani yake ikalia "ta!"

Nilipiga vigelegele peke yangu mbele ya sufuria. Mzee akawasha na kuzima tena, na tena, ili tu isikike. Tangu hapo vumbi la mninga lilitupitia kwenye nyufa mpaka kwenye mboga, na sikulalamika.

Siku ya kumuaga bibi harusi, kitanda kilisimama uani, miguu imenyooka na kung'aa. Baba mdogo alikipapasa mguu baada ya mguu. Mimi nilikuwa jikoni, mahali pangu, nikipika wali. Nikamsikia mzee anawaambia wageni wa Iringa:

"Mnamchukua binti yangu, mchukueni. Na mimi nilishachukua wa kwenu, uso wake siujui mpaka leo. Huyo ndiye fundi wa mashine iliyokereza hiki kitanda. Ndaga fijo, asante sana, mkwe wangu. Najua unanisikia."

Ule uwanja wote ukageukia ukuta wa jiko, na shangazi zangu wa Kilolo, waliokuja na wageni hao, wakapiga vigelegele vya kwetu. Sikuruhusiwa kumjibu. Nilichukua mfuniko wa sufuria nikaugonga ukutani mara moja, "ta!", na nikamsikia akicheka. Wali uliungua kidogo siku ile, na watu waliula wote.