Kibuyu cha Kianjai na Ada ya Kizibo

Gari lilipomaliza mteremko na kuingia tambarare ya Gachoka, Kathuri alifungua dirisha, akalifunga tena papo hapo. Hewa iliyoingia ilikuwa ya tanuri la mikate. Alfajiri walipotoka Kianjai, kule Meru, walikuwa wamevaa makoti. Sasa makoti yalikuwa yamerundikana miguuni mwao, na Mzee Riungu, baba yake mdogo, alikuwa amefungua vifungo vitatu vya shati.

"Huku Mbeere watu huiva bila kupikwa," alisema mzee.

Kathuri hakuwahi kufika huku. Aliijua Napoli, aliijua Barcelona, na katika bandari ya Marseille alijua mlango wa kubisha ukitaka chai ya maziwa. Lakini Gachoka, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwao, alikuwa akiiona leo: miti ya miiba, udongo mwekundu, mbuzi waliosimama kwa miguu miwili kuvuta majani, na mizinga ya nyuki imening'inia kila upande. Mizinga ile ilimtia wasiwasi. Kumpelekea mfuga nyuki pombe ya asali ni kama kumwimbia mwalimu wa kwaya.

Pombe yenyewe ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kati ya Kathuri na Mzee Riungu, ndani ya kibuyu kikubwa kilichofungwa mkanda wa usalama kama abiria. Ilikuwa muratina, aliyoichachusha mzee kwa mikono yake. Mdomo wa kibuyu ulizibwa kwa gunzi la mahindi. Kathuri alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la kibuyu, na tangu walipopita Embu mjini alikuwa akisikia kitu kikitetemeka humo ndani.

"Kinanguruma," alisema.

"Kimesikia harufu ya wakwe," alijibu mzee.

Bundi, mdogo wake Kathuri, aliyekaa mbele karibu na dereva, hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akioa.

Na alikuwa na sababu ya kutocheka. Mwezi wa nne alikuja huku mara ya kwanza na chupa sita za divai kutoka supamaketi ya Meru mjini, kila moja na utepe shingoni. Shangazi wa msichana, Igoki, mwanamke mfupi ambaye ukoo mzima husubiri akohoe ndipo uongee, alizigeuza chupa moja moja. Akauliza, "Hii imetengenezwa na nani?" Bundi akasema hajui. "Basi rudi kwenu," akasema Igoki, "ulete iliyotengenezwa na mtu unayemjua."

Akamweleza na utaratibu wa nyumba yao, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda chooni. Gunzi hung'olewa na msichana mwenyewe. Huonja kwanza, kisha humpa baba yake. Akifanya hivyo, amekubali kuolewa. Gunzi likitolewa na mkono mwingine wowote, huyo mwingine ndiye aliyejibu kwa niaba yake, na hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayegusa pembe ya kunywea. Watu hukusanya vitu vyao wakaenda nyumbani.

Kurudi mara ya tatu kungekuwa kugumu. Kiangazi kilikuwa kimewafukuza nyuki wa Mzee Riungu, na asali iliyokuwa humo kibuyuni ndiyo ilikuwa ya mwisho mzingani. Na Kathuri, ambaye ndiye kaka mkubwa tangu baba yao afariki, alikuwa na tiketi ya ndege ya kesho. Likizo yake ilikuwa imekwisha. Angekaa baharini miezi tisa.

Tatizo la Kathuri nyumbani lilikuwa kazi yake. Si kwamba ilikuwa mbaya, ilikuwa haielezeki. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu wa divai kwenye meli za watalii, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ada ya kizibo. Abiria aliruhusiwa kupanda na chupa yake moja au mbili. Akiinywa chumbani kwake, shauri yake. Akiibeba kwenda nayo ukumbi wa chakula, meli ilimtoza ada, na Kathuri ndiye aliyekwenda mezani na mkono wa heshima na karatasi ya malipo.

Mzee Riungu alikuwa amemhoji kuhusu jambo hilo kila likizo.

"Chupa ni ya nani?"

"Ya abiria."

"Ameinunua kwa pesa zake?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe unamlipisha kwa kunywa kitu chake."

"Kwa kufunguliwa, baba. Na glasi."

"Kwa hiyo mtu akija kwangu na embe lake, nimlipishe kisu?"

Hapo watu wote jikoni wangeanguka kwa kicheko, na Kathuri angecheka nao, kwa sababu hakuwahi kupata jibu.

Hoteli ilikuwa nje kidogo ya soko, yenye bustani, mahema mawili meupe na kibao langoni kilichokataza vinywaji kutoka nje. Igoki ndiye aliyeichagua. Alisema amewaoshea sufuria za harusi mabinti wa watu kumi na mmoja na mgongo wake hautaki wa kumi na mbili. Alikuwa langoni, kitambaa kipya kichwani, akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, wakwe. Binti yetu Beverlyne yuko njiani. Yuko karibu kabisa."

Nyuma yake akatokea mhudumu wa hoteli, Muchangi, kijana aliyenyoosha shati lake hadi mikunjo ikasimama. Alikuwa na daftari. Akakitazama kibuyu.

"Samahani, wazee. Kinywaji cha nje hakiingii bila ada."

"Hiki si kinywaji," alisema Mzee Riungu. "Hiki ni mgeni."

"Mgeni anatoka povu mdomoni, mzee."

Ilikuwa kweli. Ute mwembamba ulikuwa ukitambaa kando ya gunzi. Mzee akasahau povu, akashika jambo la ada. Akamgeukia Kathuri polepole, na furaha ikamjaa usoni kama mtu aliyengoja siku hii miaka tisa.

"Kathuri! Njoo uone. Ndugu zako hawa!"

Ujumbe mzima ukacheka, pamoja na waliokuja kwa gari la nyuma, hata dereva. Kathuri akatoa simu, akalipa kabla mzee hajaanza kusimulia habari ya embe. Kibuyu kikabebwa hadi chini ya hema, kikawekwa juu ya mkeka, na watu wakaketi kumngoja Beverlyne.

Walingoja. Igoki alipiga simu, akasema yuko karibu. Soda zikaja. Akapiga tena: Beverlyne alikuwa saluni Embu mjini, lakini anatoka sasa hivi. Wamethodisti wawili waliokuwa kwenye ujumbe, ambao kwa ajili ya kanisa lao walikuwa wameapa kulowesha midomo tu, waliomba soda ya pili. Jua lilisogea, kivuli cha hema kikasogea nalo, na hakuna aliyetambua kwamba kibuyu kimebaki juani mpaka kilipopiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mwembamba, kama wa birika. Wote waligeuka. Gunzi lilikuwa limepanda upana wa kidole.

Muchangi alikuwa amesimama karibu na meza, na alikuwa mtu wa kazi. Aliona kibuyu cha mteja kinataka kupasuka na ada ya kufungua imelipwa. Alifika kwa hatua tatu, akapiga goti, akazungusha vidole kwenye gunzi.

Bundi alisimama na kiti chake kikaanguka. Igoki alikuwa ameona. Kikombe chake kilisimama hewani, na hicho ndicho kilichomwogopesha Kathuri.

Kathuri aliruka mkeka, akamshika Muchangi kifundo cha mkono.

"Ndugu yangu. Ngoja."

"Bosi, hiki kinalipuka."

"Najua. Usivute."

"Lakini umelipa. Kufungua ni kazi yangu."

"Nimelipa, ndiyo. Sikiliza." Kathuri aliongea chini, kwa sauti aliyoitumia mezani meli ilipoyumba na glasi zikaanza kutembea. "Umewahi kufungua chupa ya mtu kabla hajaketi?"

Muchangi akafikiri. "Hapana."

"Mwenye hiki hajafika. Toa vidole, polepole. Kimoja kimoja."

Muchangi akatoa kimoja, akatoa cha pili. Gunzi likatikisika kama jino la mtoto, likabaki. Kathuri aliinamisha sikio kwenye mdomo wa kibuyu. Mluzi uliendelea.

Chupa zenye mapovu zilikuwa zimewahi kumchezea hivi, mchana wa joto, juu ya sitaha ya meli, wakati bwana harusi mtalii amepotea kwenda kutafuta kamera. Kuna dawa moja tu, nayo ni baridi.

"Sasa nataka nilicholipia," alimwambia Muchangi. "Aliyelipa ada ya kizibo hupewa ndoo ya barafu na kitambaa cheupe. Hivi ndivyo inavyofanywa kila mahali."

"Bosi, barafu ya glasi hatuna. Mashine imeharibika."

"Hapa sokoni hakuna friza?"

Muchangi akapepesa macho, kisha akakimbia. Alirudi na beseni la kufulia limejaa barafu za watoto, zile za mirija ya plastiki, nyekundu na za rangi ya chungwa, zote alizozikuta dukani. Wakakibeba kibuyu watu wanne, kama mgonjwa, bila kukitikisa, wakakiingiza kivulini na ndani ya beseni. Kathuri alilowesha kitambaa cha meza, akakizungusha shingoni mwa kibuyu na kukikunja kwa mikunjo mitatu, kama alivyofundishwa. Akachutama pembeni, akapepea kwa menyu ya hoteli.

"Muone," alisema Igoki. Kikombe kilikuwa kimeshuka. "Kama anayelea mtoto."

"Mkwe, huyu amesomea," alisema Mzee Riungu. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo Kathuri hakuwa ameisikia kwake, "Usiache kupepea."

Mluzi ulishuka polepole. Ukawa sauti ya mtu anayelala, kisha ikabidi uweke sikio ndipo uusikie. Gunzi lilikuwa mahali pake.

Pikipiki ikaingia langoni kwa kasi, na Beverlyne akashuka kabla haijasimama. Alikuwa amevaa gauni la kijani na viatu mkononi. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri hadi shingoni. Upande wa kushoto ulikuwa umesimama wima.

"Gari limepata pancha," alisema, akihema. "Halafu nikasikia kibuyu kinalipuka. Bundi ameniandikia herufi kubwa tupu."

"Na kichwa?" aliuliza Igoki.

"Shangazi, usiniulize kichwa."

Akatazama beseni, barafu nyekundu, kitambaa chenye mikunjo, na mtu mzima aliyechutama na menyu. Mdomo ulimcheza. Kathuri akainuka, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, kama ambavyo mhudumu hurudi mwenye chupa anapofika.

Beverlyne akapiga goti. Akashika gunzi, akavuta. Povu likaruka hadi kifuani mwake, likamlowesha kidevu, na kila mtu akapiga ukelele, lakini hakuachia. Akajaza pembe. Akaonja. Akafumba macho kidogo, maana ilikuwa kali na ilikuwa baridi, na muratina baridi hakuna aliyekuwa ameionja nchi hiyo.

Baba yake akajiweka sawa kitini, akauliza kama inavyopasa kuulizwa. "Mwanangu, tuinywe, au tuwarudishie wenyewe?"

"Baba, nimetoka saluni na nusu kichwa. Mnataka nijibu vipi tena?"

Akampa pembe. Igoki akakohoa, kisha akapiga vigelegele, na Bundi akaketi chini, mahali ambapo kiti chake hakikuwapo tena. Aliketi kwenye nyasi na akabaki hapo, akicheka na kufuta macho kwa tai.

Pembe ilimfikia Kathuri karibu na mwisho. Alikunywa, akaketi. Mzee Riungu akasogeza kiti karibu naye.

"Hao watu wa meli," alisema. "Ukiwafungulia, nani huonja kwanza?"

"Mwenye chupa, baba. Mimi husimama hadi atingishe kichwa kwamba ni sawa."

"Na asipotingisha?"

"Hakuna anayekunywa."

"Hm." Mzee akapokea pembe, akaitazama ndani. "Ungesema hivyo tangu mwanzo. Umetuacha na maneno ya embe miaka tisa."

Saa tisa Kathuri aliaga. Ilimbidi afike Nairobi jioni. Igoki alimfungia nyama kwenye karatasi, akamfungia tena nyingine juu yake, akamwambia akirudi asiwaletee chupa. Bundi alimsindikiza hadi langoni, mkono begani. Gari likaondoka, vumbi jekundu likalifuata hadi kwenye kona, na kwa muda mfupi mkono wa Kathuri ulionekana nje ya dirisha, kisha dirisha likafungwa kwa sababu ya joto.

Chini ya hema karamu ilikuwa ndiyo kwanza inachangamka. Muchangi alimwaga maji ya rangi ya chungwa kutoka kwenye beseni, akakunja kile kitambaa mara tatu, akakiweka kwenye mkono wake wa kushoto. Mteja mmoja, mzee mwenye duka la mbegu asiyehusika na harusi, alikuwa ameketi peke yake akingoja soda. Muchangi alimpelekea. Akamwonyesha chupa, upande wenye jina. Akaifungua mbele ya macho yake, akamimina kidogo tu, akarudi nyuma hatua mbili.

Mzee alimtazama, akaitazama glasi.

"Sasa unangoja nini, kijana?"

"Nangoja uonje, mzee."