Nani Alimwangusha Alois

Ubishi ulianzia kwenye kahawa, kwenye kijiwe cha nyuma ya soko la Mawenzi, na kama kawaida ulianzishwa na mtu asiyejua hata kukunja ngumi. Rogers muuza simu alisema bondia mgumu kuliko wote tangu dunia iumbwe ni Mayweather, kwa sababu hajapigwa na mtu. Abasi kinyozi akamrukia. Huyo si anakimbia ulingo mzima kama kuku wa sikukuu! Mgumu ni Marciano, naye hajapigwa, na hakumkimbia mtu. Mwingine akamtaja Foreman, aliyekuwa akivunjavunja watu mpaka alipokutana na Ali kule Kinshasa.

"Basi mgumu ni Ali!"

"Ali si alilazwa chini na Frazier?"

"Alilala akaamka! Wewe ungeamka?"

Haya, nani wa kumsikiliza mwenzake hapo? Yunusi fundi viatu alikuwa anatafuna kashata taratibu, kichwa wazi, kwa kuwa kofia yake ilipotea siku za karibuni na alikuwa na hakika nani kaichukua. Hakuwa na haraka. Ubishi wa ngumi pale huishia kwake, maana ndiye peke yake aliyewahi kupanda ulingoni, enzi za timu za viwanda.

"Mzee Yunusi, amua."

"Hao wote mmewaona kwenye simu," alisema. "Mgumu niliyemwona mimi, kwa macho yangu na kwa mbavu zangu, ni Alois wa kiwandani. Hakuna aliyewahi kumwangusha. Isipokuwa mimi."

Akasimama kuwaonyesha. Akaushusha mkono wa kushoto mpaka kiunoni, akaacha shavu wazi. "Unamfungulia mlango. Akiingia tu, unampa ya kulia." Ngumi ikapita hewani, birika la kahawa likanusurika.

"Muongo mkubwa wewe!" Huyo alikuwa Mansuri, muuza ndizi. "Ulishusha mkono, Alois akakulaza chali. Tulikubeba kwenye mkokoteni wangu huku unamwita mama yako. Tena hiyo kofia yako sijaiona, koma kunisingizia."

Kijiwe kizima kiliangua kicheko, na Yunusi naye akacheka. Afanye nini tena? Ukoo wake na ukoo wa Mansuri ni watani tangu huko Kinole, milimani, na mtani wa Kiluguru ana ruhusa ya kukutukana hata msibani, kukuvua kofia barabarani, na kumwambia mkeo alikosa pa kuolewa. Ukinuna, aibu ni yako. Hayo ya mkokoteni Mansuri ameyasema miaka nenda rudi, na miaka yote hiyo Yunusi ameyatia kapu moja na matusi yake mengine.

Safari hii lakini yalimchoma. Jumamosi mjukuu wake Raya, mtoto wa bintiye Mwaisha, alikuwa anapanda ulingoni kwa mara ya kwanza, na silaha yake kubwa ni huko huko kushusha kushoto. Babu ndiye aliyemfundisha. Kama Mansuri anatania, sawa. Na kama hatanii? Si atakuwa amempeleka mtoto kuvunjwa taya!

Alimvuta Mansuri pembeni. "Mtani, weka utani chini kidogo. Siku ile nani aliangushwa?"

"Wewe."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli."

"Apa."

Mansuri akaapa. Kisha akaongeza kwamba kamasi ziliwatoka wote wawili, Yunusi kwa kipigo na yeye kwa kucheka. Sasa hapo mtu ashike lipi? Yunusi akajaribu kukumbuka mwenyewe. Aliziona taa za ukumbi. Aliliona bega la Alois likija, akauona mkono wake mwenyewe ukishuka. Baada ya hapo kelele za watu, basi. Walikuwa wanamshangilia nani? Kisa hiki alikisimulia mara nyingi mno, hata alichokiona kikachanganyika na alichokisema, na leo hakujua kipi ni kipi.

Kesho yake akaenda Mikese kwa Alois mwenyewe. Alimkuta kwenye kiti mbele ya nyumba, mikono mapajani, na mkewe Devotha pembeni anapanga mafungu ya machungwa.

"Alois, ni mimi Yunusi. Tulipigana ukumbi wa kiwanda. Nani alimwangusha mwenzake?"

Alois akamtazama kwa tabasamu zuri la kumpokea mgeni. "Kengele imeshalia?"

"Usimchoshe, shemeji," Devotha alisema. "Ngumi zimemla kichwa. Na mbona nilishakujibu?"

"Umenijibu lini?"

"Juma lililopita. Ulikaa hapo hapo, ukauliza hilo hilo. Nikakwambia Alois ndiye aliyekuangusha, nilikuwepo ukumbini. Ukanishukuru, ukasema unakwenda kumwambia mjukuu wako."

Yunusi akaanza kucheka. Alishazoea: mtu akikuambia jambo la kukudhalilisha kwa uso mkavu hivyo, ni mtani. Kicheko kikamfia mdomoni. Devotha ni mtu wa Bukoba, hana utani naye hata chembe. Akaingia ndani, akatoka na kofia ya kufuma. "Uliisahau," alisema.

Ilikuwa kofia yake kweli. Aliigeuza mbele nyuma, akaivaa, akaivua. Hakukumbuka safari, wala machungwa, wala jibu. Woga ukamwingia, na aibu ikamjaa kwa yote aliyomtupia Mansuri.

Jioni alimkuta Raya mazoezini, anapiga gunia.

"Shikamoo, mume wangu," alisema Raya, kwa mzaha wa wajukuu.

"Marahaba. Hebu niambie, mkono wa kushoto unauweka wapi?"

Raya akaacha kupiga. "Juu, babu. Juma lililopita ulikuja mbio ukaniapisha nisishushe tena. Juzi ukasema chini. Jana asubuhi juu, jioni chini."

"Sasa wewe unafanyaje?"

"Ukiwepo ninafanya unavyosema, usije ukakasirika. Ukiondoka, ninapandisha."

Yunusi akaketi. Alitaka kumuuliza kwa nini hakumwambia, halafu akaogopa kwamba labda alimwambia.

"Jumamosi nani yuko kwenye kona yako?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Tafuta mwingine. Mimi nitakaa na watazamaji. Na ukinisikia nimesimama ninakupigia kelele ushushe mkono, usigeuke. Hata nikikufokea. Fanya kama hunijui."

Raya alivua glavu, akajifuta macho kwa kiganja, akakaa chini karibu na miguu ya babu yake. Wenzake waliendelea kuruka kamba. Yunusi aliwatazama kitambo, uso umetulia, kisha akamgusa bega.

"Raya, mama. Jumamosi tafuta mtu mwingine akae kwenye kona yako."

"Sawa, babu," Raya akajibu, kana kwamba ndiyo kwanza analisikia.