Nyuma ya Ndege Wekundu

Apolline aliidharau kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu aliposhushwa mtaa wa Base Camp mwaka 2003 akiwa na mtoto mmoja wa kiume wa miaka kumi na mitatu, sindano zake, na pochi ya marehemu mama yake. Aliyadharau mahindi ya msaada na vikapu vya majirani. Mji wa Mbarara aliudharau zaidi. Mabibi wa mtaa wa Kamukuzi mjini humo walionunua vitambaa vyake vya meza waliyasifu maua bila kukigeuza kitambaa hata mara moja.

"Bananunua sura," alisema kila aliporudi. "Kwa nyuma ningebaekea hata manyoya ya mbuzi, basingejua."

Kwake ushonaji ulikuwa upande wa nyuma. Kule kwao Uvira mama yake alifundishwa kudarizi na wamisionari, naye akamwachia binti sheria moja: nyuma pawe safi kama mbele, fundo lisionekane. Pochi ile nyeusi, yenye ndege wawili wa nyuzi nyekundu, ndiyo ilikuwa kipimo chake cha kazi zote za dunia. Ndani ilikuwa na bitana ya satini iliyoshonwa pande zote, na hakuna aliyewahi kuifumua.

Mwaka 2011 mwanawe, Néhémie, alitaka kumwoa Chantal, binti wa muuza dagaa. Kwa desturi ya akina mama wa kanisa lao, msichana humletea kwanza mama wa mvulana kazi ya mkono wake. Mama akiipakata mapajani, mahari huzungumzwa. Akiirudisha, mvulana atafute kwingine. Chantal alileta pochi, akaitoa mbele ya akina mama wote.

Apolline aliigeuza ndani nje kama mtu anayechuna sungura. Mafundo tele.

"Hii njo broderie, njo kazi ya kudarizi, ao upele?"

Akina mama wakacheka. Chantal akainama. Néhémie, aliyesimama mlangoni, akasema, "Mama, tafadhali."

"Nyamaza! Uyu atakupikia majani ya sombe na mawe ndani."

Miriamu, kiongozi wa akina mama, akajaribu kuyapoza mambo. "Mama Néhémie, mtoto atajifunza."

"Kwa nani? Kwenu? Leteni wembe, niwaonyeshe nyuma yenyewe inakuwaka namna gani."

Akaichukua pochi ya mama yake, akaichana bitana, akawageuzia wao kabla hajatazama mwenyewe. Akangoja wastaajabu. Miriamu alikohoa, akatazama bati la paa.

Ndipo Apolline akaangalia. Nyuma ya ndege wale uzi ulikuwa umeburutwa huku na kule, mafundo makubwa kama punje za mtama, na bawa moja limemaliziwa kwa uzi wa bluu. Miaka yote hiyo alidhani bitana ni urembo.

"Ndege bako bazuri, Mama," alisema Chantal taratibu.

Apolline aliitafuta dharau katika uso ule. Angeitambua, maana hakuna aliyeijua vyema kuliko yeye. Hakuiona, na hilo likamuudhi zaidi.

Akaziweka pochi zote mbili mapajani.

"Umekuja na pochi bila bitana," alimwambia msichana. "Ni bujinga. Mwanamke mwenye akili anafunika. Kaa hapa, nitakuonyesha."

Akina mama wakapiga vigelegele, na Apolline akawadharau kwa kelele zao.