Mama Klachi na Barabara ya Juu

Mtaani kwao hakukuwa na mtu asiyemjua Mama Klachi. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua kioo, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake kwa ule wimbo wake wa kila asubuhi: "Klachi, mwanangu, klachi! Mbona unaiachia kama umekanyaga kaa la moto?" Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake. Nusu nyingine, alipenda kusema, ndiyo iliyokuwa ikigonga watu.

Gari lake la kufundishia lilikuwa dogo, jeupe, limechubuka kona zote, na paani lina kibao chekundu cha herufi L. Upande wa abiria lilifungwa breki na klachi za ziada. Hapo ndipo palipokuwa pake. Wanafunzi walishika usukani, yeye akaendesha kwa mguu mmoja na mdomo.

Mwanamke huyu alikuwa akiogopa milima. Kuitazama kwa mbali hakukumdhuru. Kilichomtisha ni barabara inayozunguka ubavuni mwa mlima, huku ukuta wa mwamba, huku hewa tupu. Aliligundua hilo siku alipomsindikiza mwanafunzi kufanya mazoezi ya safari ndefu. Walipoanza tu kupanda, mikono ikamgeuka maji na kifua kikambana. Akamwambia mwanafunzi ageuze, gari lina hitilafu. Gari halikuwa na hitilafu yoyote. Tangu hapo hakurudi tena kule, na hakumwambia mtu, hata mumewe. Angemwambiaje? Mwalimu wa udereva anayeogopa barabara! Mtaa mzima ungecheka mpaka mbavu ziwaume.

Siri hiyo ingekaa kimya kama si mama mkwe wake. Bibi huyu alikuwa akiishi nao, na hakuwa mtu wa kuomba vitu. Hata chumvi ikipungua kwenye mboga alikula hivyo hivyo. Marehemu mumewe alikuwa mchonga mawe, na ujanani alikwenda kule milimani kujenga mnara wa kuwakumbuka vibarua waliokufa wakikata barabara ya juu. Mama mkwe hakuwahi kuuona. Jioni moja wakiwa mezani akasema, bila kumtazama mtu, "Kabla sijafumba macho, ningependa kuyashika yale mawe."

Wifi mtu akalidaka neno lile kabla halijafika chini.

Wifi yake Mama Klachi, dada wa mumewe, alikuwa nesi, mrefu, mwepesi wa kuamua na mzito wa kusahau. Zamani alijifunza udereva kwa Mama Klachi, wakagombana. Alifokewa mbele ya watu, akashuka garini katikati ya barabara na kwenda kumalizia mafunzo kwenye shule nyingine. Leseni aliipata, ila gari hakuwa nalo. Aliendesha tu lile la zahanati, akichukua dawa katika mitaa iliyonyooka kama rula. Tangu ugomvi ule mawifi hawa walisalimiana vizuri sana, vizuri kupita kiasi, kama watu wanaobeba yai kwa kijiko.

Basi ramani ikatandazwa mezani, pembe zake zikagandamizwa kwa vikombe. Wifi alisimama juu yake na kalamu nyekundu.

"Siku ya kwanza tunalala hifadhini. Mama aone tembo na twiga. Ya pili tunapita kwenye maporomoko ya maji, tunapiga picha. Ya tatu..." Kalamu ikaanza kupanda, ikijipinda kama nyoka. "Ya tatu tunaikamata barabara ya juu mpaka mnarani."

Mama Klachi aliifuata kalamu ile kwa macho mpaka ilipofika juu.

"Na dereva?" akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Dereva!" Mumewe akacheka. Yeye alikuwa fundi wa majokofu, na goti lake lilikuwa limetoka kupasuliwa, hata kupanda kitanda alihitaji msaada. "Nyumba ina mwalimu, tutafute dereva wa nini?"

Akajikaza kisabuni, akacheka nao.

Kuanzia hapo akaanza kuipiga vita safari ile chini kwa chini. Kesho yake alisema amesikia daraja la kule limebomoka. Wifi akapiga simu ofisi ya hifadhi; daraja lilikuwa zima. Akasema mvua zinakuja. Wifi akamwonyesha utabiri wa hali ya hewa kwenye simu: jua tupu. Akasema kuna njia ya bondeni, ndefu kidogo lakini tambarare, inapita karibu na kasri la kale. Si nalo ni jengo la kumbukumbu?

"Wifi," yule nesi akaweka kalamu chini. "Kasri lile baba yangu hakulijenga."

"Nasema tu. Mama ni mtu mzima, zile kona zitamchosha."

"Kona zitamchosha, mvua itamlowesha, daraja litamwangusha. Sema unachotaka kusema. Hutaki mama aende."

"Usinitilie maneno mdomoni!"

"Basi yatoe ya kwako!"

Fundi majokofu akagonga meza, vikombe vikaruka, ramani ikajikunja. Ndipo walipomwona mama mkwe amesimama mlangoni, taulo begani, maji ya kuoga yakimchuruzika shingoni. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "kama ni mimi ninayekuwa mzigo, nilisema tu. Mdomo wa mzee hauna breki. Sahauni."

Akarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Mume alimtazama mkewe kwa jicho ambalo hajawahi kutazamwa nalo. Mama Klachi alikusanya vikombe akaenda navyo jikoni, akaviosha, akaviosha tena.

Siku mbili mama mkwe alikula kidogo na kusema kidogo. Siku ya tatu Mama Klachi akapiga moyo konde. Aliwaambia wanafunzi wake hakuna masomo, akaingia garini, safari hii kwenye usukani, akaufuata mlima wa karibu na mji. Dawa ya moto ni moto, alijiambia. Nikiupanda huu mdogo, na ule mkubwa nitauweza.

Mwanzo haukuwa mbaya. Ukuta wa mwamba ulikuwa upande wake, akaukumbatia, hata majani yakawa yanachapa kioo. Gia ya pili, kasi ya kobe. Nyuma yake magari yakapanga foleni, yakimpigia honi. Dereva mmoja alipompita alichungulia dirishani na kukiona kile kibao cha L. "Mwambie mwalimu wako akurudishie hela!" akapaza sauti.

Akaendelea. Kona moja, kona ya pili. Kwenye kona iliyofuata mwamba ukakatika ghafla na mbele yake pakafunguka bonde lote: paa za mji kama punje za mchele, mto kama uzi, na ukingo wa barabara ambao haukuwa na kitu zaidi ya mawe madogo yaliyopakwa chokaa. Masikio yakaziba. Vidole vikafa ganzi juu ya usukani. Kwa bahati palikuwa na uwazi kando ya barabara ambapo mafundi huweka malundo ya kokoto. Akajitupa humo, akavuta breki ya mkono, akazima gari.

Akilini akajipigia hesabu. Kupanda, hawezi. Kushuka ndiyo balaa zaidi, maana atakaposhuka yeye ndiye atakayekuwa upande wa ukingo. Akawasha gari, akazima. Akawasha tena, mguu ukakataa kuiachia klachi. Klachi! Angecheka kama angekuwa na pumzi.

Ampigie nani? Mumewe na goti lile? Wanafunzi wake? Bora aliwe na fisi. Alishika simu mpaka skrini ikawa na unyevu, mwisho akabonyeza jina ambalo asingedhani.

"Wifi," akasema. "Njoo unichukue."

"Uko wapi? Umepata ajali?"

"Sijapata. Niko mlimani, kwenye kokoto. Njoo tu. Usimwambie mtu."

Nesi alifika kwa basi la abiria, bado amevaa sare ya kazi. Aliposhuka alikuwa na maneno yake tayari, ungeona kabisa ameyapanga njia nzima. Lakini alipofungua mlango na kumwona mwenzake amejikunja, midomo imekauka, alimshika kwanza mkono akampima mapigo, kama afanyavyo kazini.

"Moyo unakwenda mbio kama wa mtoto mchanga," akasema. "Tangu lini?"

"Miaka."

"Na daraja? Na mvua?"

"Uongo wote. Naogopa, wifi. Basi. Naogopa."

Nesi akageuka kuitazama barabara. Basi lililomleta lilikuwa limeshapotea kwenye kona, na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la kokoto.

"Mimi leseni ninayo," akasema mwishowe, "lakini mlima sijawahi kuushuka. Nikishika usukani, utakaa wapi?"

Mama Klachi alitazama kile kiti cha abiria, na zile pedali mbili chini yake zilizong'aa kwa kukanyagwa. Akashuka akizunguka gari huku ameshika bati kama kipofu, akaingia upande wake.

"Funga mkanda," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Vioo. Gia ya kwanza. Klachi, taratibu."

Wakaligeuza gari pale kwenye kokoto, wakaanza kushuka. Dirishani kwake hapakuwa na kitu ila hewa, akaamua kutotazama huko. Akaitazama mikono ya wifi yake, na lami mbele.

"Gia ya pili, usiiguse ya tatu. Usikalie breki, itapata moto ikuache. Iache injini ikushike."

"Inapiga kelele!"

"Acha ipige. Wewe ulitaka iimbe?"

Walikuwa wameshapita kona kadhaa, nesi ameanza hata kupumua, ndipo lori la mbao lilipotokea chini likipanda kwa kujikokota. Nyuma yake basi, dereva hana subira. Likachomoka, likaja upande wao, limejaa kioo kizima.

"Mama yangu!" nesi akapiga ukelele, na mikono yake ikauachia usukani.

Mama Klachi hakukumbuka baadaye aliamua nini. Mguu wake ulikuwa umeshafika kwenye breki, ukaikanyaga, ukaiachia kidogo, ukaikanyaga tena. Mkono wake ulikuwa umeshaudaka usukani, ukalivuta gari mpaka tairi zikasaga yale mawe ya chokaa. "Macho mbele! Usilitazame basi, tazama unakokwenda! Shika! Shika nimesema!" Ilikuwa ile sauti ya kupasua kioo, yote nzima. Nesi akashika. Basi likajibana mbele ya lori na kupita, upepo wake ukalitikisa gari dogo kama mkebe.

Halafu pakawa kimya. Jiwe moja lilisikika likidunda kuelekea bondeni, likidunda, likidunda.

"Gia ya kwanza," Mama Klachi akasema. "Tunaendelea."

Chini kabisa, kwenye kituo cha mafuta, nesi alisimamisha gari akalaza paji la uso juu ya usukani. Mabega yakamtetemeka. Alikuwa akicheka, au akilia, au vyote.

"Umenifokea," akasema.

"Nimekufokea."

"Mwaka ule nilikuchukia kwa sauti hiyo hiyo. Leo kama usingenifokea..." Akajifuta macho kwa kola ya sare. "Nyumbani tutasema gari liliharibika. Mimi mdomo wangu najua kuufunga."

"Hapana. Mama anadhani namkimbia."

Akayasema yote mchana ule ule, mbele ya mama mkwe na mumewe. Fundi majokofu alicheka kwanza, kisha akaacha. "Miaka yote tunalala kitanda kimoja," akasema, "nami najua kila jokofu la mtaa huu linaumwa nini." Akatoka nje na fimbo yake, akakaa barazani muda mrefu. Lile lilimuuma Mama Klachi kuliko mlima.

Mama mkwe aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo si mimi uliyekuwa hunitaki?"

"Wala, mama. Hata siku moja."

"Umefanya vizuri kusema leo. Nilikuwa nimeanza kukuchukia, na uzee huu sina nguvu za kumchukia mtu muda mrefu." Akavuta kiti. "Ileteni hiyo ramani."

Safari ikasogezwa mbele. Wiki baada ya wiki, nesi akitoka zamu, mawifi walikwenda kwenye ule mlima mdogo, mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye pedali zake, wakigombana kwa sauti kila kona. Mume alirudi kuzungumza na mkewe polepole, kama jokofu linalorudishiwa gesi.

Wakaenda. Mama Klachi aliendesha hifadhini na tambarare yote. Penye milima wakabadilishana viti bila kuambizana. Barabara ya juu ilikuwa mbaya kuliko ile ya mazoezi, na kwenye vipande vingine hakuna aliyesema neno ndani ya gari isipokuwa mwalimu. Lakini walifika.

Hofu haikumtoka, hilo lazima lisemwe. Mama mkwe alipokuwa akipapasa mawe ya mnara, jiwe kwa jiwe, mwanawe amemshika kiwiko, Mama Klachi alikuwa ameketi chini nyuma ya gari, mgongo kwenye tairi, chupa ya chai mkononi, amelipa bonde kisogo. Wifi yake akaja akachuchumaa karibu naye.

"Unakosa mandhari, wifi."

"Nihadithie."

Nesi akajimiminia chai kwenye kifuniko, akatazama mbali juu ya paa la gari, akaanza kumhadithia.