Bangili za Friji

Fundi friji wa hapa Ruangwa hagusi spana kabla hajabandika shavu kwenye mabomba ya nyuma, macho kafumba, anaguna wimbo wa harusi. Mwaka 2004 nilimkuta kwa Mama Scholastika. Binti yake anaolewa jioni, wakwe wako njiani kutoka Nambilanje, na soda zote za moto! Jamaa katulia tu, anazungushia waya wa shaba kwenye bomba.

"Fundi, friji nalo linaolewa? Mbona unalivisha bangili?"

"Bomba laini linabana joto, mama. Likiwa na mbavu hizi za waya, linalitema nje."

Mama akasonya. Mimi pia. Saa kumi fundi akachomoa soda, akambandika mama shavuni. Mama akaruka, halafu akapiga vigelegele hadi sokoni wakajibu.