Baraka ya Mshahara wa Kwanza

Wazee anaowaendesha Kalisti humpenda kwa sababu hakanyagi breki kwa ghafla. Asubuhi huwapitia majumbani kwao, Hyattsville na mitaa ya jirani, akawapeleka kusafishwa damu au kupimwa macho au kunyooshwa magoti, na jioni akawarudisha. Kwenye matuta hupunguza mwendo kama mtu aliyepakia mayai. Wengine husinzia. Wengine hupenda kuzungumza, na yuko mama mmoja mzaliwa wa Karolina ambaye humsimulia mashamba ya tumbaku ya utoto wake, harufu ya majani yakikauka darini, na kaka zake waliokwisha kufa wote. Kalisti naye humlipa kwa kumsimulia migomba. Humweleza Bukoba, ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani, na mvua inayopiga majani ya migomba kwa sauti ambayo hapa Marekani hajaisikia, ingawa ameishi zaidi ya miaka ishirini akiitegea sikio.

Mkewe Genoveva hutunza wagonjwa katika nyumba ya wazee huko Rockville. Wana mtoto mmoja tu, Jacqueline, wanayemwita Jackie, binti wa miaka ishirini anayesoma chuo Baltimore na kulala bwenini. Huyu Jackie alilelewa kwa Kiswahili akakijibu kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu Kalisti hakujua ni kiasi gani cha maneno yake kilikuwa kinamwingia binti huyo na kiasi gani kilikuwa kinapita dirishani mwa gari.

Hadithi aliyomsimulia mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya mshahara wa kwanza. Nyumbani kwao Kalisti, kijana akilipwa kwa mara ya kwanza hagusi hata senti. Hupeleka zote kwa baba yake, akapiga magoti, akazikabidhi kwa mikono miwili. Baba hupokea, huzitumia kwa haja yake mwenyewe bila kuulizwa, na hutamka maneno. Maneno hayo yakishatoka, mtoto si mtoto tena, ameachiliwa ajitegemee.

Kalisti alikuwa amepata kibarua kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Alirudi jioni nywele zimejaa makapi, akamkuta baba yake Laurean, Ta Laurean kwa heshima ya Kihaya, ameketi nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Mzee hakuhesabu. Alizitia pesa mfukoni, akamwekea mwanawe kiganja utosini, akasema, "Umenilisha. Kuanzia leo jilishe, na Mungu akulishe." Wiki iliyofuata Ta Laurean alikwenda mjini akanunua kofia ya rangi ya kahawia, akaivaa kwenye misa kila Jumapili mpaka alipokufa. Hapo ndipo Kalisti alipokuwa akiikomesha hadithi, kwenye kofia, na kila mara alicheka kidogo na kutazama barabara.

Kumbe ilikuwa inamwingia. Kiangazi kilichopita Jackie alikaa nyumbani, akapata kazi ya kuuza viatu katika duka moja la Rockville Pike. Alipolipwa mara ya kwanza alikwenda benki, akazitoa zote, akazitia kwenye bahasha, akaja nazo sebuleni. Alikuwa amevaa ile suruali yake iliyochanwa magotini kwa makusudi, na magoti yake matupu yakagusa zulia. Aliinyoosha bahasha kwa mikono miwili, kama alivyosikia. Genoveva alikuwa kazini. Kalisti alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia akajizuia, mwishowe akaweka kiganja juu ya kichwa cha bintiye na kuyatamka maneno ya Ta Laurean, moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza.

Pesa zile alizituma Bukoba likapigwe saruji kaburi la Laurean, ambalo mvua ilikuwa imelitia ufa. Na Jumapili ile, jumuiya yao ya Watanzania Wakatoliki ilipokutana nyumbani kwa Wambura, aliwatangazia watu wote kwamba binti yake amemletea mshahara wa kwanza na yeye amemwachilia. Watu walipiga makofi. Wambura, mtu wa Musoma asiyeweza kumwachia mwenzake furaha ikae salama, akasema, "Sisi kwetu mabinti tunawaachilia kwa ng'ombe. Wewe umemwachilia kwa viatu?" Kalisti akacheka kuliko wote.

Jackie aliporudi chuoni aliendelea na kazi, safari hii Jumamosi tu, katika tawi la Baltimore la duka lilelile. Mwaka mpya ulipoingia, mwezi wa Februari, akapiga simu. Alikuwa anajaza ritani yake, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, kwenye kompyuta ili arudishiwe zile zilizokatwa kwenye mshahara, na amefika mahali anapoulizwa kama kuna mtu mwingine anayeweza kumhesabu kuwa mtegemezi wake. Kalisti hakumwacha amalize.

"Hakuna," alimwambia. "Wewe umeshaachiliwa. Weka hakuna."

Jackie akaweka hakuna, akatuma.

Ilipofika zamu ya wazazi, Kalisti na Genoveva walikwenda kwa Awino. Awino ni Mkenya wa Kisumu, mhasibu wa kliniki siku za kazi, na msimu wa kodi ukifika huketi Jumamosi na Jumapili katika chumba cha nyuma cha duka la kaka yake, katikati ya viroba vya unga na makatoni ya majani ya chai. Nusu ya Waswahili wa Hyattsville hujaziwa kodi zao humo ndani, wakiwa wamekalia viroba hivyo. Awino aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za Bukoba, akafungua kompyuta, akauliza kama Jackie wanamweka kama mwaka uliotangulia.

"Huyo amejitegemea," alisema Kalisti, na alilisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulisema mahali pengi. "Anafanya kazi. Ameshaleta mshahara."

Genoveva akatazama dari. "Amejitegemea wapi, Baba Jackie? Hata mafuta ya nywele anachota ya kwangu."

Awino alicheka, kisha akaacha kucheka akageukia maswali, na Genoveva ndiye aliyekuwa akijibu. Ana miaka mingapi? Anasoma muda wote au nusu? Nusu ya mwaka na zaidi analala wapi? Genoveva alisita kwa ajili ya bweni, lakini Awino akamwambia bweni halimtoi mtoto nyumbani, sheria inalichukulia kama safari tu. Ada nani analipa? Kuna ufadhili wa chuo, alisema Genoveva, na kinachobaki wanalipa wao. Bima, simu, chakula, godoro la bwenini? Wao. Na mshahara wa viatu? Genoveva akaonyesha kucha zake kwa ishara, kisha nywele, kana kwamba zote huishia huko, kisha akainua mikono.

"Wacha nikwambie, mzee wangu," Awino alimwambia Kalisti. "Kufanya kazi hakumtoi mtoto. Angekuwa hasomi, hapo tungeongea mengine. Lakini bado hajafika miaka ishirini na minne, anasoma muda wote, kwake ni kwenu, na hajajilipia zaidi ya nusu ya gharama za maisha yake. Ufadhili wenyewe hauhesabiwi kuwa yeye ndiye amejilipia. Huyo ni wenu."

Kalisti akasema basi waache ilivyo, maana Jackie ameshatuma yake na ameandika kwamba hakuna mtu. Awino akainua kichwa. Akaeleza polepole, kama anayempa mtu habari ya msiba, kwamba swali lile haliulizi kama wazazi wanataka kumhesabu. Linauliza kama wanaweza. Wanaweza, kwa hiyo jibu la Jackie si la kweli, na ametia sahihi yake chini. Inabidi airekebishe. Yeye hatapoteza kitu cha maana, za kwake zitarudi vilevile. Ila wazazi wakituma ya kwao sasa mtandao utaikataa, na lile punguzo la kodi kwa ajili ya ada, ambalo ndilo lingewasaidia muhula wa vuli, litawapita hivihivi.

"Nani alimwambia aweke hivyo?" Awino aliuliza.

Genoveva alipangusa unga kwenye sketi yake.

Walifika na gari kwenye taa ya kwanza nyekundu. Kalisti ndiye aliyeanza. Alisema neno la baba halirudishwi. Likishatoka limetoka, ukilirudisha unalitia nuksi, na nuksi hiyo itamwandama mtoto kwenye mitihani, kwenye ndoa, popote. Alisema angeweza kulipa ada hata kwa kuongeza zamu za usiku, lakini hawezi kwenda kumwambia Jackie kwamba siku ile alipopiga magoti ilikuwa bure.

"Mimi sikumwachilia," Genoveva alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Ulipokea bahasha peke yako."

Taa ikawaka kijani na wa nyuma yao akapiga honi. Kalisti, ambaye hajawahi kupigiwa honi, alisahau kuondoka.

Usingizi wake haukuwa mzuri. Hakuwa anafikiria ada wala serikali. Alikuwa anafikiria sahihi ya binti yake chini ya jambo lisilo kweli, na kwamba yeye ndiye aliyemwelekeza mkono. Asubuhi, baada ya misa, alimwacha Genoveva na jumuiya, akapanda barabara ya Baltimore peke yake.

Jackie alitoka bwenini na kandambili, akaingia kiti cha mbele akidhani kaletewa chakula. Kalisti alimweleza yote aliyoyasema Awino, akianza na mwisho, kwamba ritani lazima irekebishwe na kwamba kosa ni la baba yake. Jackie alisikiliza akitazama mapaja yake. Kisha akajibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kama anavyofanya akiumia. Alisema baba ndiye aliyemwambia. Alisema amewasimulia rafiki zake wote, na chumbani kwake wanamcheka kwa kuwa hakubakiwa na pesa ya nauli wiki nzima, naye aliona fahari kuchekwa. Kisha akauliza swali ambalo Kalisti alikuwa amelikimbia tangu jana: je, ina maana ile haikuhesabika? Ilikuwa maigizo tu?

Kalisti aliwasha gari akalizima tena.

"Kuna kipande cha hadithi sijawahi kukusimulia," alisema.

Akamsimulia. Jioni ile ya mshahara, baada ya baba yake kutamka maneno, mama yake aliipua chungu cha ndizi. Siku zote Kalisti na wadogo zake walikula pamoja kwenye jani moja pana la mgomba, vichwa vimegongana, wakinyang'anyana mboga. Jioni ile mama alimkatia jani lake peke yake. Alimpa kipande kizuri cha samaki, kile cha tumboni, akamweka kando, kwenye kigoda, kama mgeni aliyetoka mbali. Ilikuwa heshima. Wadogo zake walimtazama kwa macho ya wivu. Naye aliwatazama wao, pale walipokuwa wakisukumana na kucheka. Alingoja mtu amwambie sogea, njoo ule na wenzako. Hakuna aliyesema, kwa kuwa si adabu kumwambia mtu mzima hivyo. Mwaka uliofuata alikwenda Dar es Salaam, kisha akaja huku, na Ta Laurean alipokufa yeye alikuwa kwenye zamu, anamshusha mgonjwa kwa kiti cha magurudumu. Hakula tena kwenye lile jani pana.

"Maneno niliyokutamkia ni yako," alisema. "Siyachukui, na hayakuwa maigizo. Lakini sikupaswa kukukatia jani. Nilifuata ya baba yangu yote, hata lile lililoniuma."

Nje wanafunzi wawili walipita wakibishana juu ya mpira. Jackie aliwafuata kwa macho mpaka wakapinda kona. Aliuma kucha, akaiacha.

"Kwa hiyo mimi ni mtu mzima," alisema kwa Kiswahili, akilitafuta kila neno, "halafu bado ninakula kwenu?"

"Mpaka umalize chuo. Baada ya hapo ule kwetu bila kibali cha serikali."

Jackie alicheka kwa pua, akajifuta kwa mkono wa fulana. Akauliza, sasa kwa Kiingereza chake cha kawaida, kama marekebisho ni magumu. Kalisti akasema hajui, Awino ndiye anajua, na leo mchana yuko dukani. Jackie akafikiri kidogo, akasema kesho hana kipindi mpaka jioni. Akafungua mlango akashuka, akamwambia baba angoje.

Kalisti alingoja, mikono juu ya usukani. Alitazama madirisha ya bweni, yote yanafanana, asijue la bintiye ni lipi. Mara Jackie akatokea mlangoni, anatembea kinyumenyume, anaburuta kwa mikono miwili mfuko mkubwa wa nguo chafu uliojaa mpaka zipu imegoma, soksi moja ikibaki nyuma kwenye ngazi. Kalisti akashuka, akaenda kuiokota, akamfungulia buti la gari.