Nusu Kichwa Kwa Ruracio ya Wambui

Naona haya hata kusimulia, lakini picha mmeshaiona, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe kabla wengine hawajaongeza chumvi.

Asubuhi ya ruracio, sherehe ya kulipa mahari, ya dadangu Wambui nilikuwa saluni huko Rhonda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imechanwa na kusimama wima, na Mama Brayo aliyekuwa akinisuka akaniacha tena kwenda kugeuza sufuria yake ya githeri, mahindi na maharagwe, nje (na mikono ile ile ya mafuta ya nywele!), basi hasira ikanipanda, nikasimama mbele ya wateja wote, nikatoa simu, nikaingia laivu Facebook nikaianika huduma yake mbovu kwa dunia nzima.

"Madam, keti tumalize," akaniambia polepole.

"Zii! Saluni zimejaa hii mtaa!" Nikatoka.

Kweli zimejaa. Ila nilisahau kwamba hakuna msusi anayekubali kumalizia kichwa cha mwenzake, na kila nilipoingia niliulizwa, "Hii ni kazi ya nani?" halafu, "Rudi kwake, mrembo." Nirudi, baada ya laivu ile? Kiburi kikakataa, na muda wa kufumua haukuwepo, gari la kwenda nyumbani kwetu Kabazi lilikuwa linanisubiri na mama anapiga simu akisema nisije nikaaibisha dada yangu mbele ya wakwe.

Nikajipa moyo. Si mimi ni mmoja wa wasichana wa kufunikwa leso pamoja na Wambui, ili bwana harusi amtambue wake bila kuona sura? Leso itanisitiri (akili yangu hiyo).

Tukapangwa mstari, tumefunikwa kutoka kichwani hadi miguuni, nami naomba Mungu kimoyomoyo, maana mimi na Wambui tuna kimo kimoja. Kijana wa watu akapita, akarudi, akasimama mbele yangu. "Ni huyu!" Akavuta leso.

Boma lote likainua simu kunipiga picha. Halafu shangazi yake bwana harusi akasema, "Kijana, rudisha hiyo, bado haijamalizwa kutengenezwa."

Watu walicheka hadi wazee wakafuta machozi, na Wambui naye, chini ya leso yake, akaangua kicheko ambacho bwana harusi alikijua mara moja. Hivyo ndivyo alivyopatikana.

Jumatatu nikarudi kwa Mama Brayo nimeinamisha uso. Alinionyesha kiti tu. Siku hizi hata akienda sokoni kununua mahindi ya hiyo githeri, mimi nakaa nangoja.